Mipamba Nyuma ya Kichuguu

Katika nchi ya Bariadi, mkoani Simiyu, watu wengi hulima pamba. Mavuno yakiisha, yampasa kila mkulima kung'oa mipamba ya zamani na kuichoma moto, ili wadudu wasipate maficho ya kungojea mazao ya mwaka ujao.

Mkulima mmoja alimwambia mwanawe, "Mwanangu, ng'oa mipamba yote, usibakize hata mmoja." Kijana akafanya kazi siku tatu kwa bidii. Siku ya nne jua likawa kali, na mipamba iliyosalia ilikuwa michache tu, nyuma ya kichuguu, mahali pasipoonekana. Akaiacha. Jioni akasema, "Baba, nimemaliza." Baba akamsadiki.

Mvua zikanya. Wakapanda mbegu njema, wakapalilia, na pamba ikastawi. Lakini vitumba vilipopasuka, wakatokea wadudu wekundu waitwao kangambili, makundi kwa makundi, wakaiharibu. Siku ya kuichambua, fungu la pamba safi likawa dogo, na fungu la pamba fifi, yenye madoa, likawa kubwa. Baba akasema, "Mbegu ilikuwa njema, wala mvua haikukosa. Kosa letu liko wapi?"

Usiku ule kijana hakupata usingizi. Alfajiri akamwendea baba yake, akamwamkia, akasema, "Baba, nalikudanganya. Iko mipamba niliyoiacha nyuma ya kichuguu."

Baba akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, madoa haya hayafutiki, na bei yake itakuwa ndogo. Hasara hii tutaichukua pamoja. Lakini mipamba ile ingalipo. Lete jembe." Wakaenda wote wawili, wakaing'oa na mizizi yake, wakaichoma.

Moyo wa mtu ni kama shamba lile. Kusali na kujifunza Neno la Mungu ni kupanda mbegu njema. Lakini mtu akificha dhambi moja ya zamani, na kuiona kuwa ndogo, hiyo ndiyo itakayotia madoa mema yake yote. Kwa sababu hii Mtume Paulo aliwafundisha Waefeso kuuvua utu wa kale na kuuvaa mpya. Naye aungamaye haachwi kulima peke yake. Baba yake huenda pamoja naye shambani.

Maswali
1. Kwa nini mipamba ya zamani huchomwa moto?
2. Kijana alipata faida gani kwa kuungama, ijapokuwa pamba ilikuwa imekwisha kuharibika?