Kwa Nini Tuna Macho Mawili? Somo kwa Kamati za Afya za Sharika

Katika ziara zetu tumeulizwa mara nyingi: mtoto anayeona vizuri kwa jicho moja ana shida gani? Anasoma, anacheza, hajikwai. Tumeona vema tulijibu swali hili katika toleo hili, kwa kuwa linagusa namna tunavyowapima watoto wetu.

Wajumbe wanaweza kuanza kwa jaribio hili kikaoni. Chukueni sindano na uzi. Kila mmoja afunge jicho moja, anyooshe mikono, kisha ajaribu kupitisha uzi katika tundu. Wengi mtaupeleka uzi mbele au nyuma ya sindano. Fungueni macho yote mawili, na kazi itakuwa nyepesi. (Wanaotumia miwani ya kusomea waivae kwanza, wasije wakalisingizia jicho.)

Sababu ni kwamba macho ya mtu mzima yameachana kwa sentimita 6 hivi, hivyo kila jicho hukitazama kitu kutoka mahali pake. Inua kidole gumba mbele ya uso, kitazame kwa jicho la kulia tu, kisha la kushoto tu: kitaonekana kuruka. Ukikisogeza mbali, kuruka kunapungua. Tofauti hiyo ya picha mbili ndiyo ubongo unayoitumia kujua umbali. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha jambo hili kwa michoro miwili bapa yenye tofauti ndogo. Kwa kutumia vioo, kila jicho liliona mchoro mmoja tu, na mtazamaji akaona umbo lenye kina.

Jicho moja nalo hukadiria umbali kwa njia nyingine: kitu kilicho mbali huonekana kidogo, na kilicho karibu hukinga kilicho nyuma yake. Ndiyo maana mtoto tuliyeulizwa habari zake hajikwai. Lakini kudaka mpira, kumimina chai au kushona humpa taabu kuliko wenzake.

Uwezo huu hauonekani siku ya kuzaliwa. Hujitokeza mtoto akiwa na miezi 3 hadi 5, na huendelea kukomaa utotoni. Mtoto akiwa na makengeza, au jicho moja likiwa na ukungu, ubongo hupokea picha zisizopatana, nao huipuuza moja. Jicho lililopuuzwa hudhoofika hata kama lenyewe halina kidonda wala maumivu. Huitwa jicho vivu. Tiba yake ni miwani, na kulifunika jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi. Hufaulu zaidi kabla ya umri wa miaka 7 hivi.

Hapa sisi wenyewe tulikosea. Katika upimaji wetu wa kwanza tuliwaacha watoto wasome chati kwa macho yote mawili. Msichana mmoja wa darasa la tano alisoma mistari yote, tukamwandika mzima. Miezi kadhaa baadaye, akicheza na wenzake, alifunikwa jicho la kulia, akasema ubao umepotea. Daktari alimpa miwani, lakini alituambia wazi kwamba tumechelewa.

Kwa hiyo, pimeni jicho moja moja. Kwa mtoto asiyejua kusoma, funikeni jicho moja, kisha jingine. Akilia au kuusukuma mkono kwa upande mmoja tu, mpelekeni kliniki ya macho. Makengeza yanayoendelea baada ya miezi 4 msiyasubiri yaishe yenyewe. Mboni ikionekana nyeupe, msikae hata wiki moja: inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani.

Kwa wafadhili wetu: plasta na chati si gharama kubwa. Kinachowashinda wazazi ni nauli ya kurudi kliniki mara kwa mara, na ndicho tunachoomba kamati zikitengee fungu.