Jua Haki Zako: Popo wa Magurudumu Kando ya Mto

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025, saa saba na dakika kumi na nne, Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ilitoa onyo la mafuriko ya ghafla kwa kaunti ya Kerr, jimboni Texas. Kambi za karavani kando ya mto Guadalupe zilikuwa na wageni wengi, kwani ilikuwa sikukuu ya uhuru na watu walikuja kuvua, kuogelea na kuchoma nyama. Kabla ya kupambazuka mto ulikuwa umepanda zaidi ya futi 20. Karavani zilielea, zikagongana na miti, nyingine zikaondoka na watu ndani. Mafuriko ya siku zile yaliua zaidi ya watu 130 Texas nzima, wakiwemo watu 27, wasichana na walezi wao, wa Camp Mystic, kambi ya likizo ya wasichana.

Maji yakishuka, karatasi huanza. Aliyekuja kupumzika siku tatu ana nyumba ya kurudi. Lakini katika kambi nyingi za Marekani wamo watu ambao hawana kwingine: wastaafu, mafundi wa mabomba ya mafuta, wauguzi wa mikataba ya miezi mitatu, familia zilizoshindwa kodi ya mjini. Kwao karavani ndiyo sebule, ndiyo jiko, ndicho chumba cha watoto. Na kila mmoja wao, akienda kwa bima, kwa serikali au mahakamani, hukutana na swali lile lile: hiki ulichopoteza ni nyumba au ni gari?

Tuseme dereva wa lori mzaliwa wa Bukavu, aliyeingia Marekani kama mkimbizi, amechoshwa na kodi ya ghorofa. Ananunua karavani ya kuvutwa, anakodi nafasi kambini ukingoni mwa mto Guadalupe, anachomeka umeme, anaunga bomba la maji safi na la majitaka, anahamia na mkewe. Binamu yake anampigia simu kumwonya: “Kaka, hiyo ni gari. Siku wakikuchoka watakuvuta kama gari bovu.”

Binamu ana nusu ya ukweli. Karavani ni kama popo. Popo wa hadithi akiitwa na ndege hujifanya mnyama, akiitwa na wanyama hujifanya ndege. Kwenye sheria za Marekani mambo yamegeuka: popo hachagui jina, anayelichagua ni yule anayemwita. Haki za mkazi wa karavani zinaanza pale anapojua ni nani amemwita, na kwa jina gani.

Wa kwanza ni mwenye kambi. Hakuna sheria moja ya taifa zima inayotawala jambo hili. Kila jimbo lina yake, na kinachohesabiwa sana ni siku. California inayo sheria mahsusi ya kambi za karavani, na inawagawa watu kwa kalenda. Aliyekaa siku 30 au pungufu ni mkaaji wa muda. Akikiuka masharti ya kambi, menejimenti inaweza kumpa notisi ya saa 72, kisha karavani yake ikaondolewa mbele ya polisi bila kesi ndefu. Aliyepita siku 30 mfululizo ni mpangaji. Huyu anaweza kuambiwa aondoke bila kupewa sababu, lakini kwa maandishi na kwa notisi isiyopungua siku 30. Aliyefikisha miezi tisa ni mkazi, na mkazi haondolewi ila kwa sababu ambazo sheria yenyewe imezitaja.

Ndiyo maana baadhi ya kambi zina kanuni inayomshangaza mgeni: kila baada ya wiki kadhaa toa karavani yako nje ya geti, lala kwingine siku mbili, kisha rudi. Si usafi wa uwanja huo. Ni kalenda inarudishwa sifuri. Anayetakiwa kutia saini karatasi mpya ya usajili kila mwezi aitazame kwa jicho hilo, na asitupe za zamani, kwa sababu mwaka mzima wa risiti zilizofuatana humweleza hakimu mambo ambayo karatasi moja yenye neno “mgeni” haiwezi kuyafuta kirahisi.

Oregon inauliza vingine. Huko mtu huhesabiwa mtalii ikiwa mambo matatu yametimia kwa pamoja: amekodi kwa ajili ya mapumziko tu, ana makazi yake ya kudumu mahali pengine, na muda wake hauzidi siku 45. Likikosekana moja, analindwa na sheria ya wapangaji. Dereva wetu hana nyumba nyingine. Kwa hiyo, angekuwa Oregon, hata mkataba ukimwita mtalii kwa herufi kubwa, jambo la pili tayari limeanguka.

Popote anapohesabiwa mpangaji, jambo moja halibadiliki sana: meneja si hakimu. Notisi ya kuhama si amri ya kuhama. Ni barua inayomruhusu mwenye kambi kwenda mahakamani baadaye. Texas, ambako notisi ya kawaida ni ya siku tatu tu, bado lazima shauri lifunguliwe katika mahakama ndogo ya eneo hilo, na aliyeshindwa ana siku tano za kukata rufaa. Wengi hupoteza si kwa sababu hawakuwa na hoja, bali kwa sababu walidhani zile siku tatu zikiisha wameshafukuzwa, wakafungasha usiku. Wengine wanaona aibu kusimama mbele ya hakimu kwa Kiingereza cha kubabaisha. Mahakama inaweza kuombwa mkalimani, na ombi hilo lipelekwe mapema, siyo asubuhi ya kesi.

Kukata umeme ili mtu achoke aondoke mwenyewe ni hila ya zamani, na karavani ni rahisi kuizima kuliko ghorofa: waya mmoja, swichi moja. California inamtoza mwenye mali anayemfanyia hivyo mpangaji hadi dola 100 kwa kila siku, na jumla isipungue dola 250. Piga picha ya kisanduku cha umeme kikiwa kimezimwa, saa ionekane. Ujumbe wa simu wa meneja anayesema “lipa ndipo nikuwashie” ni ushahidi pia, kwa hiyo usimjibu kwa hasira ukaufuta.

Anayefuata kuita ni mto, au tuseme wale wanaoupimia mto. Ramani za shirika la serikali kuu la maafa, FEMA, zinaonyesha maeneo yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka kufunikwa na maji. Watu huyaita mafuriko ya miaka mia, na jina hilo limedanganya wengi, kama kwamba yakishapita mwaka huu wajukuu ndio watakaoyaona tena. Hesabu inasema vingine: asilimia 1 kila mwaka kwa miaka 30 ni karibu nafasi moja katika nne.

Ndani ya eneo hilo kanuni za serikali kuu zinataka karavani iwe mojawapo ya haya: iwe imekaa pale chini ya siku 180 mfululizo, au iwe na usajili halali na tayari kwa barabara, au itimize masharti ya kibali kama nyumba ya kiwandani iliyoinuliwa na kufungwa imara. “Tayari kwa barabara” imefafanuliwa: isimame kwenye magurudumu yake au jeki, iungwe na umeme na maji kwa viungo vinavyochomoka haraka tu, na isiwe na nyongeza ya kudumu iliyogongomewa juu yake.

Hapa ndipo wakazi wa zamani wanaponaswa. Mwaka wa kwanza mtu anaweka ngazi. Wa pili anajenga baraza ya mbao, maana jua la jioni juu ya mto ni zuri na chai inataka pa kukalia. Wa tatu anaezeka baraza. Wa nne magurudumu yametolewa, matofali yamewekwa. Siku mkaguzi wa kaunti anapofika na daftari lake, kile kilichokuwa gari kimekuwa jengo lisilo na kibali, ndani ya njia ya mto. Amri ya kubomoa inaweza kumwangukia mkazi hata kama meneja aliisifia baraza ile kila alipopita. Ruhusa ya mdomo ya meneja si kibali cha kaunti.

Mkazi naye ana haki ya kuambiwa. Oregon inamtaka mwenye mali aeleze ndani ya mkataba kama makazi anayopangisha yako katika eneo la mafuriko ya miaka mia. Asipofanya hivyo, na mpangaji akapata hasara ambayo bima haikuilipa, anaweza kudai hasara hiyo au kodi ya miezi miwili, kiasi kilicho kidogo zaidi. Texas ina sheria inayofanana na hiyo tangu Januari 2022: mwenye nyumba atoe taarifa ya maandishi kuhusu eneo la mafuriko, na aseme kama nyumba imewahi kuingiwa na maji ndani ya miaka mitano. Ila sheria ile ya Texas inazungumzia nyumba ya kupanga, na mwenye karavani yake mwenyewe amekodi ardhi. Popo tena! Njia salama ni kuuliza kwa maandishi kabla ya kulipa amana: nafasi hii iko ndani ya eneo la mafuriko? Maji yalifika wapi mara ya mwisho? King’ora kiko wapi, na njia ya kutokea ni ipi ikiwa daraja limefunikwa? Jibu la barua pepe hukaa kwenye faili. La mdomo huondoka na meneja anayeacha kazi.

Bima inamwita popo gari. Mpango wa bima ya mafuriko wa serikali kuu haukubali karavani iliyo juu ya magurudumu. Unataka ile iliyoondolewa magurudumu, ikakazwa juu ya msingi wa kudumu. Karavani inayotembea hulindwa, ikiwa italindwa, na ile sehemu ya bima ya gari inayolipia madhara yasiyo ya kugongana. Wenye bima ya kugongana peke yake hugundua maana ya maneno hayo siku mbaya kuliko zote. Anayeishi humo mwaka mzima amweleze wakala wazi kwamba anaishi humo, maana sera iliyoandikwa kwa matumizi ya likizo inaweza kukataliwa.

Lakini FEMA huyo huyo, maafa yakishatangazwa, yuko tayari kumwita popo nyumba. Karavani iliyokuwa makazi makuu ya mtu inaweza kumpa sifa ya kuomba msaada wa kutengeneza au kupata pengine pa kukaa. Maombi hufanywa kwa kawaida ndani ya siku 60 tangu maafa yatangazwe, na barua ya kukataliwa inaweza kukatiwa rufaa ndani ya siku 60. Raia, na pia wahamiaji wa makundi kadhaa ya kisheria, wakiwemo wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye kadi ya kijani, wanaweza kuomba. Dereva wetu yumo. Atakachotakiwa kuthibitisha ni kwamba aliishi pale: risiti za nafasi, bili ya umeme yenye jina lake, leseni yenye anwani ya kambi, barua ya shule ya mtoto.

Polisi je? Mwaka 1985, katika kesi ya California dhidi ya Carney, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema gari-nyumba lililoegeshwa katikati ya San Diego linaweza kupekuliwa bila hati ya hakimu, kama gari lolote, iwapo polisi wana sababu ya msingi ya kushuku. Kuna tanbihi ndogo katika hukumu ile ambayo mkazi wa kambi anapaswa kuijua: majaji waliacha wazi hali ya karavani inayotumika kama makazi. Wakataja dalili za kutazamwa, mathalani kama imeinuliwa juu ya matofali, kama imeungwa na maji na umeme, kama ina usajili, kama inafika barabarani kwa urahisi. Yaani yale yale yanayomkosesha mtu mbele ya mkaguzi wa mafuriko yanaweza kumsaidia mbele ya jaji wa upekuzi. Kwa vyovyote, akibishiwa hodi na askari asiye na hati, mkazi anaruhusiwa kusema kwa adabu, “Sikubali upekuzi,” bila kuzuia kwa mikono. Neno hilo huwekwa kwenye kumbukumbu na wakili hulihitaji baadaye.

Kambi ina haki ya kuchagua karavani, haina haki ya kuchagua rangi. Nyingi hukataa zenye umri wa zaidi ya miaka kumi, na hilo peke yake si kosa, kwani umri wa chombo haulindwi. Kosa ni kanuni hiyo kumkumba Mkongomani mwenye karavani ya miaka kumi na moja huku ya jirani yake, kuukuu kuliko hiyo, ikiachwa. Sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968 inakataza ubaguzi wa rangi, dini, jinsia, asili ya taifa, ulemavu na kuwa na watoto, nayo inagusa hata ardhi inayokodishwa kwa ajili ya kuweka makazi. Malalamiko hupelekwa wizara ya makazi ndani ya mwaka mmoja, kesi mahakamani ndani ya miaka miwili. Tangazo la “watu wazima tu” nalo liulizwe: kambi za wenye miaka 55 na zaidi zinaruhusiwa kwa masharti maalumu, nyingine hapana.

Anayefikiri atakwepa haya yote kwa kulala kwenye ardhi ya umma asijidanganye. Kwenye mabwawa na mito inayosimamiwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi, kikomo ni siku 14 ndani ya siku 30. Na mwezi Juni 2024, katika kesi iliyotoka mji wa Grants Pass, Oregon, ulio juu ya mto Rogue, Mahakama Kuu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala kwenye ardhi ya umma hata kama hawana pa kwenda.

Limebaki jambo dogo ambalo wahamiaji husahau kwa sababu magurudumu hufanya kuhama kuonekane si kuhama. Karibu kila asiye raia aliyesajiliwa anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10. Dereva wetu akitoka Guadalupe kwenda kambi nyingine mwendo wa saa moja juu ya mto, amehama. Asipotoa taarifa, barua ya kadi yake ya kijani itapelekwa kwenye ile anwani ya zamani, kwenye sanduku lililo futi chache kutoka majini.