Vitabu Vilivyorowa na Hikima ya Barafu

SWALI: Bwana Mtaalamu, nasikia vitabu vilivyorowa hugandishwa kwanza, ndipo vikaushwe. Kuna faida gani kuliko kuvianika juani?

JIBU: Ndugu msomaji, karatasi haiharibiwi na maji peke yake, bali na namna maji hayo yanavyotoka; kwani yakitoka yangali majimaji huzivuta nyuzi zake zikakunjamana, hueneza wino, na kurasa zile laini zing'aazo hugandamana zisibanduke abadan. Barafu haina tabia hiyo. Kitabu kikisha kuganda hutiwa katika chumba cha chuma, hewa ikafyonzwa hata kanieneo ya mvuke ikashuka chini ya paskali 611, na hapo barafu, badala ya kuyeyuka, hugeuka mvuke moja kwa moja, wino ukasalia mahali pake.

Faida ya pili ni muhula: kuvu huanza kuota baada ya siku mbili hivi, lakini katika baridi kali hulala, na mwenye maktaba akapata wasaa wa kutadbiri. Mwaka 1978, bomba lilipopasuka katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, makumi ya maelfu ya vitabu yalikaushwa kwa njia hii.

Tahadhari ni mbili: baridi hailiui kuvu, na picha za kale zilizopigwa juu ya vioo zisigandishwe. Nawe kitabu chako kikirowa, usikifunue kurasa. Kifunge katika mfuko wa plastiki, ukitie katika friza siku ile ile, kisha umtafute fundi.