Jeli ya Shambani Si Dawa ya Maji ya Kunywa

Mkaazi anayeingia duka la pembejeo wakati wa kiangazi anaweza kutoka na pakiti mbili zinazofanana: moja ya jeli ya kuhifadhi unyevu shambani, nyingine ya shabu ya kutuliza matope kwenye maji. Zote ni chembechembe nyeupe, na zote hununuliwa kwa sababu ya shida ya maji. Hata hivyo kazi zake ni tofauti, na kuzichanganya kunaweza kuleta hasara au kuhatarisha afya ya familia.

Jeli hufanyaje kazi?

Jeli nyingi za shambani hutengenezwa kwa poliakrilati ya potasiamu au poliakrilamidi. Nyuzi zake ndogo sana zimefungwa pamoja mithili ya wavu. Maji yanapoingia kwenye wavu huo, chembe huvimba lakini haiyeyuki. Gramu 1 inaweza kushika gramu mia kadhaa za maji ya mvua. Udongo unapokauka, mizizi huyanyonya kidogo kidogo.

Jeli haileti maji. Hushika tu yale iliyopewa. Kwa hivyo mkulima bado anahitaji kunyunyizia, ila si mara nyingi kama awali. Husaidia zaidi kwenye udongo wa kichanga, vitalu vya miche, mifuko ya sukuma wiki na miti inayopandwa upya.

Chumvi huipunguzia nguvu. Kwenye maji yenye chumvi ya asilimia 0.9, gramu 1 hushika takriban gramu 50 pekee. Maji ya kisima yenye chumvi au chokaa nyingi, pamoja na mbolea za viwandani, huipunguzia nguvu vilevile.

Jaribio kabla ya kununua nyingi

1. Chukua vyombo viwili visivyotumiwa kwa chakula.
2. Tia lita 1 ya maji ya mvua katika kimoja, na lita 1 ya maji ya kisima chako katika kingine.
3. Weka kijiko kimoja cha chai cha jeli katika kila chombo.
4. Subiri saa 2, kisha chuja na ulinganishe.

Ikiwa jeli ya maji ya kisima imevimba kidogo tu, samadi iliyooza vizuri na matandazo ya nyasi kavu huenda yakakufaa zaidi kwa gharama ndogo. Ukiamua kuitumia, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na uifukie kwenye kina cha mizizi. Ikibaki juu ya udongo, jua huiharibu haraka.

Kemikali za kusafisha maji

Shabu hufanya chembe za matope zishikane, ziwe mabonge na kuzama. Baadhi ya mitambo ya kusafisha maji huongeza poliakrilamidi ili mabonge yawe makubwa zaidi. Jina ni lile la jeli, lakini umbo si lile: ya mtamboni ni nyuzi zisizofungwa, nazo huyeyuka majini. Hutumiwa kwa vipimo vidogo vinavyosimamiwa na wataalamu. Jeli ya shambani haiwezi kufanya kazi hiyo.

Maji yaliyotulizwa kwa shabu huonekana safi, lakini bado yanaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hatua inayofuata ni klorini. Mwaga maji meupe ya juu kwenye chombo safi, yachuje kwa kitambaa safi, tia klorini ya maji ya kunywa kwa kipimo cha pakiti, koroga, kisha subiri dakika 30. Matope hula nguvu ya klorini, ndiyo sababu maji hutulizwa kwanza. Asiye na klorini ayachemshe maji hadi yatokote. Ikumbukwe kwamba klorini na kuchemsha haviondoi chumvi wala floraidi.

Tahadhari nyumbani

• Usitie jeli ya shambani kwenye tangi, mtungi au maji ya mifugo.
• Weka jeli mbali na watoto. Chembe ikimezwa huvimba tumboni na inaweza kuziba matumbo. Mtoto akimeza, mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na pakiti.
• Usichanganye klorini na sabuni za choo zenye asidi. Hutoa gesi ya sumu.
• Usitumie dawa ya kufulia yenye manukato kutibu maji ya kunywa.
• Usihamishie kemikali kwenye chupa za soda au mikebe isiyo na maandishi.

Mkaazi asiye na hakika na alichonunua asikitumie kwa kubahatisha. Apeleke pakiti kwa afisa wa kilimo wa wadi ikiwa ni ya shamba, au kwa mhudumu wa afya ya jamii ikiwa ni ya maji ya kunywa, asomewe maelezo na kuonyeshwa kipimo.