Watu Arobaini wa Muktsar

Msafiri ashikaye njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi hufika Makindu, na hapo huona nyumba ya ibada ya Masingasinga, iliyojengwa mwaka wa 1926. Akiingia haulizwi kabila lake wala dini yake. Huvua viatu, hufunika kichwa, hunawa mikono, kisha huketi na kuandaliwa chakula, wala halipi hata senti moja. Wageni wengine hustaajabu, hudhani pana hila. Lakini hapana hila. Desturi hiyo ilikuja pamoja na reli. Maana reli ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu ilipojengwa, kati ya mwaka wa 1896 na 1901, watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjab, na miongoni mwao walikuwamo Masingasinga: maseremala, wahunzi na waashi.

Sisi huwaita Masingasinga kwa sababu ya neno Singh, ambalo wanaume wao hulitia katika majina yao, na maana yake ni simba. Wenyewe hujiita Masikh, yaani wanafunzi. Simba na mwanafunzi si majina yanayofanana, na atakaye kujua jinsi yalivyokutana katika mtu mmoja, hana budi kwenda Punjab.

Punjab maana yake ni Maji Matano, kwa ajili ya mito mitano ipitayo katika nchi ile: Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Ni nchi tambarare yenye ngano nyingi, na kaskazini yake huonekana milima ya Himalaya yenye theluji. Tangu mwaka wa 1947 nchi hiyo imegawanyika, upande wa magharibi ukawa Pakistan na upande wa mashariki India. Kwa hiyo mahali pengine patakatifu pa Masikh pamebaki ng'ambo ya mpaka. Hata kijiji cha Talwandi, alikozaliwa Nanak, mwalimu wao wa kwanza, mwaka wa 1469, sasa kimo Pakistan, nacho huitwa Nankana Sahib kwa heshima yake.

Habari za Nanak ni nyingi, lakini moja yatosha hapa. Baba yake alitaka sana mwanawe awe mfanyabiashara. Siku moja akampa rupia 20, akamwambia, "Nenda ukafanye biashara yenye faida." Kijana akashika njia. Hakufika mbali akakuta watu watawa wenye njaa, akazitumia rupia zote kuwalisha. Aliporudi mikono mitupu, akasema ya kwamba hakuona biashara yenye faida kuliko ile. Baba yake hakuikubali hesabu hiyo hata kidogo! Lakini chungu kilicho motoni Makindu leo kilianza kuchemka siku ile.

Nanak alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba mbele yake hakuna mtu wa tabaka la juu wala la chini. Baada yake walifuata walimu tisa, kila mmoja akiitwa Guru. Wa nne, Guru Ram Das, alianzisha mji mwaka wa 1577 na kuchimbisha birika kubwa la maji, na mji ukapata jina la birika hilo, Amritsar, yaani Birika la Maji ya Uzima. Mwanawe, Guru Arjan, akajenga hekalu katikati ya maji yale. Watu wengi wakijenga nyumba ya ibada hutafuta kilima, ipate kuonekana kwa mbali. Guru Arjan alijenga chini, hata mtu aendaye kuomba lazima kwanza ashuke ngazi. Tena hekalu lina milango minne, mmoja kila upande, ili watu wa pande zote wajue ya kuwa wamekaribishwa. Mwaka wa 1604 kitabu chao kitakatifu kikawekwa ndani. Dhahabu inayong'aa juu ya kuta zake ilikuja baadaye sana, kwa amri ya mfalme Ranjit Singh, aliyeuteka mji wa Lahore mwaka wa 1799 akatawala mpaka alipokufa mwaka wa 1839.

Kando ya birika la Amritsar pana mkunazi mkongwe, na watu husimulia hadithi yake. Hapo kale, katika mji wa Patti, palikuwa na mtoza kodi tajiri, jina lake Duni Chand. Siku moja akawauliza binti zake, "Ni nani anayewalisha?" Wote wakajibu, "Wewe, baba." Lakini mdogo wao, Rajni, akasema, "Mungu ndiye anayetulisha sote, na wewe pia." Baba akaghadhibika, akamwoza kwa mwenye ukoma, akisema, "Na tuone huyo Mungu atakulishaje." Rajni hakulia wala hakukimbia. Akamtia mumewe katika kapu, akawa anamchukua kichwani kijiji kwa kijiji akiomba chakula. Siku moja akamweka chini ya mkunazi kando ya dimbwi, akaenda kuomba. Yule mgonjwa akaona kunguru weusi wakishuka majini, nao walipotoka walikuwa weupe. Akajikokota mpaka majini, akazama, akatoka mwili wake mzima. Rajni aliporudi alimkuta kijana mzuri ameketi penye kapu, naye hakumsadiki. Alidhani mtu huyo amemwua mumewe. Ndipo yule kijana akamwonyesha kidole kimoja ambacho hakukitia majini, nacho kilikuwa kingali na ukoma.

Hakuna awezaye kuthibitisha habari ya kunguru wale. Lakini hadithi yenyewe yaonyesha jambo la kweli, kwamba katika mji ule mkoma aliweza kuwa ndiye anayekumbukwa, na tajiri wa Patti hutajwa kwa sababu ya binti yake tu.

Walimu wale wa kwanza hawakushika silaha. Mambo yalibadilika mwaka wa 1606, Guru Arjan alipokufa Lahore katika kifungo cha Jahangir, mfalme wa Delhi, baada ya mateso makali. Mwanawe Hargobind akajifunga panga mbili kiunoni, moja kwa mambo ya roho na moja kwa mambo ya dunia. Tena mwaka wa 1675 mfalme Aurangzeb alimkata kichwa Guru wa tisa, Tegh Bahadur, katika mji wa Delhi hadharani. Kichwa chake kilichukuliwa kwa siri mpaka Anandpur, mji ulio chini ya milima, nacho kikapokewa na mwanawe, Gobind, aliyekuwa bado mtoto mdogo.

Mtoto huyo alikua akawa Guru wa kumi na wa mwisho. Katika sikukuu ya Vaisakhi ya mwaka wa 1699, makutano makubwa yakakusanyika Anandpur. Gobind akasimama mbele yao, upanga mtupu mkononi, akauliza, "Ni nani atakayenipa kichwa chake?" Watu wakanyamaza. Akauliza mara ya pili, na ya tatu. Ndipo akasimama mtu mmoja wa Lahore, jina lake Daya Ram. Guru akaingia naye hemani, kisha akatoka peke yake, upanga unadondoka damu. Akauliza tena! Wengine wakaanza kuondoka polepole. Lakini mtu wa pili akasimama, na wa tatu, hata wakawa watano: baada ya mtu wa Lahore, mkulima, mchota maji, fundi wa nguo na kinyozi, kila mmoja kutoka pembe yake ya Bara Hindi. Mwisho Guru akawatoa wote watano hai, wamevaa mavazi mapya. Mapokeo hayapatani juu ya damu ile. Wengine husema ilikuwa ya mbuzi.

Kisha akakoroga maji na sukari kwa upanga katika bakuli la chuma, akawanywesha, nao wakanywa chombo kimoja, mkulima na kinyozi, jambo ambalo watu wa matabaka yao hawangelifanya kamwe. Halafu yeye mwenyewe akapiga magoti mbele yao, akaomba wamnyweshe vile vile. Tangu siku hiyo wanaume waliokunywa maji hayo huitwa Singh, na wanawake huitwa Kaur. Nao huwa na alama tano: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, suruali fupi na jambia. Hivyo ndivyo mwanafunzi alivyopata jina la simba.

Wakuu wa milimani na majeshi ya Aurangzeb hawakupendezwa na simba hao, na mwaka wa 1704 wakauzingira mji wa Anandpur. Katika vita hivyo alikuwako mtu mmoja, jina lake Kanhaiya, aliyezunguka na kiriba cha maji akiwanywesha waliojeruhiwa. Watu wakamshitaki kwa Guru, wakisema, "Sisi twawaangusha adui, na huyu awainua." Guru akamwita akamwuliza. Kanhaiya akajibu ya kuwa hakuona adui wala rafiki, aliona uso wa Guru katika kila uso. Guru akampa na dawa ya kupaka, ili awafunge na vidonda vyao.

Lakini mazingiwa yakawa marefu. Chakula kikaisha, watu wakala majani na magome ya miti. Ndipo watu arobaini kutoka nchi ya Majha, iliyo kati ya mto Beas na mto Ravi, wakamwendea Guru, wakamwambia wanataka kurudi makwao. Guru hakuwazuia. Akawaambia tu, "Andikeni ya kwamba ninyi si wanafunzi wangu, wala mimi si mwalimu wenu." Wakaandika, wakatia majina yao, wakatoka usiku. Guru akaikunja karatasi ile akaiweka.

Walipofika makwao, hawakupokewa kwa vigelegele. Katika kijiji cha Jhabal alikuwako mwanamke aliyeitwa Bhago, naye aliposikia habari yao alivaa mavazi ya mwanamume, akajifunga upanga, akapanda farasi. Wanawake wakawaambia wale wanaume wavae bangili, wakae jikoni na kuwatunza watoto, nao wake zao wataenda vitani badala yao. Maneno hayo yaliwachoma kuliko mshale. Wakapanda farasi zao, Bhago akawatangulia, wakaenda kumtafuta Guru.

Siku zile Guru alikuwa amepatwa na mambo mazito. Adui walimwapia kwamba akitoka Anandpur hatadhurika, naye alipotoka wakamshambulia penye mto Sarsa, ambao ulikuwa umefurika. Wanawe wawili wakubwa waliuawa vitani huko Chamkaur. Wawili wadogo, ambao mkubwa wao hakuwa ametimiza hata miaka 10, walikamatwa pamoja na nyanya yao, wakapelekwa Sirhind kwa liwali Wazir Khan. Wakaambiwa waache dini yao; wakakataa; na mapokeo husema walijengewa ukuta wakiwa hai. Katika maji ya Sarsa vilipotea na vitabu vingi vya Guru. Lakini mapokeo yasema ile karatasi ya wale arobaini ilikuwa ingali katika nguo yake.

Mwaka wa 1705 Wazir Khan alikuwa akimfuata Guru katika nchi kavu ya kusini. Mahali paitwapo Khidrana palikuwa na birika, na mbali na hilo hapakuwa na maji ya kulitosha jeshi. Bhago na wale arobaini wakafika wakaona mavumbi ya adui. Wakatandaza nguo zao juu ya vichaka, zipate kuonekana kwa mbali kama mahema ya jeshi kubwa, wakasimama kati ya adui na maji. Guru alikuwa juu ya kilima kilicho karibu, akipiga mishale. Vita vilikuwa vikali, na wale arobaini wakaanguka mmoja mmoja. Lakini jeshi la Wazir Khan halikuyafikia maji, na kwa kiu likarudi nyuma.

Jioni Guru akashuka kwenye uwanja wa vita, akaenda kwa kila mmoja, akaufuta uso wake kwa kitambaa. Akamkuta Bhago amejeruhiwa, naye akapona akafuata msafara wake tangu siku hiyo. Tena akamkuta mmoja wa wale arobaini, Mahan Singh, pumzi bado imo ndani. Akakiweka kichwa chake pajani pake, akamwuliza anataka nini. Mahan Singh hakuomba maji, wala hakuomba habari za nyumbani kwake. Akaomba ile karatasi ipasuliwe. Guru akaitoa katika nguo yake akaipasua mbele ya macho yake, na Mahan Singh akafa.

Birika la Khidrana sasa huitwa Muktsar, yaani Birika la Wokovu, na mji umelizunguka. Gobind Singh alikufa mwaka wa 1708 huko Nanded, kusini, naye hakumweka mtu kuwa Guru baada yake. Alisema kitabu ndicho kitakachokuwa mwalimu. Katika sala ya kila siku ya Masikh, kule Amritsar na hapa Makindu, wale arobaini hutajwa pamoja na wale watano wa Anandpur na wana wanne wa Guru. Na kila mwaka katikati ya mwezi wa Januari, wakati ambapo Punjab ina baridi kali na ukungu hufunika mashamba ya ngano, watu kwa maelfu hufika Muktsar kabla ya jua kupanda, huvua nguo zao, hushuka ngazi, huingia majini.