Kijito Kikikauka

Andiko: 1 Wafalme 17:1-16

Jumapili tulimwona Eliya kule Kerithi. Maji yapo, kunguru wanaleta mkate na nyama asubuhi na jioni. Halafu tukafika mstari wa 7: kijito kikakauka.

Wengine wetu hapa Satellite tunaujua mstari huo vizuri. Januari 20, 2025, Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufika Julai 1, USAID ilikuwa imefungwa. Watu waliosimamia chakula na dawa kwa miaka mingi, Turkana hadi Dadaab, wakarudi nyumbani na barua mkononi.

Dada mmoja kati yao aliniambia, "Pasta, mshahara nitauzoea. Kinachoniuma ni nikiulizwa siku hizi niko wapi." Alikuwa ameanza kukosa ibada kwa sababu ya swali hilo. Kwa hivyo tujifunze mambo matatu.

1. Kukauka si hukumu. Eliya alienda Kerithi kwa kutumwa na Mungu, na akatii. Kijito kilikauka kwa sababu mvua haikunyesha, basi. Usimwulize aliyepoteza kazi ni dhambi gani alifanya.

2. Aliyezoea kutoa anaweza kuomba. Nabii mzima alifika langoni Sarepta, ugenini, akamwomba mjane maji, kisha kipande cha mkate. Hakuficha njaa yake. Kama ulikuwa ukibeba harambee zetu na leo huna nauli, njoo tu. Na sisi tuache kuhesabu bahasha ya mtu.

3. Hesabu kilichobaki. Mjane alisema kwanza hana mkate, halafu akataja unga kidogo na mafuta kidogo. Mungu alianzia hapo. Mimi nilisomea biashara, na hii naiita kuhesabu stoo. Na yule dada tulifuta cheo chake kwenye karatasi, tukaandika kazi zenyewe: kununua chakula cha maelfu ya watu, kupanga malori, kulinda stoo, kujibu wakaguzi. Kazi hizo zinahitajika shuleni, hospitalini, hata kwa wenye maduka ya jumla kuanzia Kawangware hadi Dagoretti Corner. Sasa anapangia duka moja stoo na hesabu, siku tatu kwa wiki. Pesa si zile, lakini wito wa kuhakikisha watu wanapata chakula bado anao.

Angalieni pia: unga wa Sarepta haukugeuka magunia. Haukuisha tu. Kwa hivyo usichukue malipo yote ya kuachishwa kazi ukayatia kwa biashara ambayo hujawahi kuifanya. Weka kando kodi, karo na chakula cha miezi kadhaa. Jaribu na kidogo kwanza. Imani haikatazi hesabu.

Kazi ya wiki, katika ushirika wa nyumbani: kila mtu aandike mambo matano anayoweza kufanya, bila kutaja cheo. Someaneni. Kisha mwulizane, nani tunamjua anayehitaji kazi hii?

Ombi: Baba, kijito kimekauka lakini wewe bado unasema. Tuonyeshe Sarepta yetu, na utupe unyenyekevu wa kubisha hodi. Katika jina la Yesu, Amina.