SOMO KWA VYAMA: PEMBE ZA BARUTI ZA MAPAMBO NA DAFTARI LAKE

Pembe ya baruti ni chombo cha zama za gobore. Gobore, yaani bunduki ya kushindilia, halikutumia risasi yenye ganda kama bunduki za siku hizi. Mpigaji alimimina baruti mdomoni mwa kasiba, akashindilia kwa mdeki, akatia goroli, ndipo akatega fataki au jiwe la gumegume. Baruti hiyo, ambayo ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa, huharibika upesi ikipata unyevu, na hulipuka ikipata cheche. Kwa hiyo wawindaji na askari wa nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwamo, walichagua pembe ya ng'ombe. Pembe ni nyepesi, haishiki kutu, haitoi cheche, na ikiangushwa haipasuki kama kibuyu au chungu.

Leo pembe hiyo hutengenezwa kwa ajili ya kutundikwa ukutani. Kikundi cha mafundi katika kata ya Mlandege, Manispaa ya Iringa, chaweza kupata wateja miongoni mwa wageni wanaozuru makumbusho ya Kalenga na Boma la Iringa, au wanaopita kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lakini mnunuzi wa kitu cha kale hununua ukweli wa kitu hicho. Pembe isiyoweza kuhifadhi baruti, hata ikiwa na nakshi nzuri namna gani, ni kopo tu lenye umbo la pembe. Fundi hana budi kuitengeneza kana kwamba itatumika.

Ukweli huo uhusu pia maneno ya kwenye kikaratasi cha bei. Makatibu wajihadhari na kishawishi cha kuandika kwamba pembe fulani ni mfano wa zile zilizotumika Lugalo. Katika pigano la Lugalo la tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walishinda jeshi la Zelewski wakiwa na mikuki na ngao zaidi kuliko bunduki. Bunduki walizoteka siku ile zilikuwa za risasi zenye ganda, ambazo hazihitaji pembe ya baruti hata kidogo. Inatosha kuandika: "Pembe ya baruti ya gobore, pembe ya ng'ombe, imetengenezwa Iringa." Hilo ni kweli, na linauza.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Pembe ya ng'ombe ina sehemu mbili: ala ya nje, ambayo ndiyo mali, na kiini cha mfupa kilichomo ndani. Kiini hutolewa kwa kuchemsha pembe mpaka utando ulioko kati ya sehemu hizo ulegee, kisha pembe hugongwa juu ya gogo na mfupa huchomoka. Kuchemsha kupita kiasi hufanya ala ibambuke matabaka na kupoteza mng'ao. Ala ikishatoka huoshwa na kukaushwa kivulini kwa wiki kadhaa. Fundi asiyekuwa na subira hapa atalipia baadaye, maana pembe mbichi hunywea, na kitako hakitakaa tena sawasawa.

Hatua inayoharibu pembe nyingi zaidi ni kutoboa ncha. Ncha ya pembe haina uwazi, imejaa. Fundi huingiza kijiti chembamba ndani mpaka kigote, hupima urefu huo kwa nje, hutia alama, kisha hukata ncha mbele ya alama na kuacha nyama ya kutosha kwa ajili ya mdomo. Keekee huanzia nchani kuelekea kwenye uwazi. Kwa kuwa pembe imepinda, keekee ikienda moja kwa moja hutokea ubavuni, na pembe hiyo haifai tena. Mwanafunzi afundishwe kwanza kwa pembe zilizopasuka, wala asipewe pembe nzima mpaka ametoboa tatu au nne bila kosa.

Kitako hufanywa kwa mbao kavu, mninga kwa mfano. Mdomo mpana wa pembe hutumbukizwa katika maji ya moto mpaka ulainike, kisha kigingi cha mbao chenye umbo la mviringo huingizwa ili pembe ipoe ikiwa duara. Kitako huchongwa kulingana na duara hilo, hupakwa nta pembezoni na kukazwa kwa vijiti vya mbao ngumu. Misumari ya chuma isitumiwe: hushika kutu, na katika siku za baruti hakuna aliyetaka chuma mahali pale. Kizibo cha mdomoni nacho ni cha mbao.

Kabla ya nakshi, pembe ijaribiwe. Ijazwe majivu yaliyochekechwa, izibwe, itikiswe juu ya kitambaa cheusi. Majivu yakionekana kitambaani, kitako kifunguliwe na kukazwa upya. Jaribio hili ni la dakika chache, na ndilo linalotenganisha kazi ya fundi na kazi ya mchuuzi.

Ndipo pembe hukwaruzwa kwa kipande cha kioo, husuguliwa kwa msasa, na kung'arishwa kwa majivu laini na mafuta. Nakshi huchorwa kwa ncha kali, kisha masizi yaliyochanganywa na mafuta husuguliwa juu yake ili mistari ibaki myeusi. Michoro michache iliyopangwa vema karibu na kitako na mdomo hupendeza kuliko pembe iliyojazwa kila mahali. Vumbi la pembe hudhuru mapafu, kwa hiyo kazi ifanyike penye hewa na mdomo na pua zikiwa zimefunikwa.

Sehemu inayobaki ni ya katibu, nayo ndiyo inayoweza kukiponya au kukiangamiza chama. Pembe zote zinunuliwe machinjioni, zitokane na ng'ombe waliokaguliwa na mkaguzi wa nyama. Pembe ya ng'ombe aliyekufa porini inaweza kuwa na kimeta, na mbegu za ugonjwa huo hustahimili hata maji yanayochemka.

Tena, kwa kuwa Ruaha iko jirani, siku moja atatokea mtu mwenye pembe ya nyati au ya tandala kwa bei rahisi. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, pembe hizo ni nyara za serikali, na adhabu ya kukutwa nazo bila kibali ni pamoja na kifungo cha miaka mingi. Pembe ikishakatwa na kusuguliwa si rahisi kwa kila mtu kuitambua. Kwa hiyo kila pembe ipewe namba siku inapoingia, na namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na tarehe, risiti ya machinjio na jina la fundi aliyeichukua. Baruti yenyewe isiwekwe ghalani wala ndani ya pembe ya maonyesho, kwani kuwa nayo bila kibali ni kosa jingine.

Daftari hilohilo ndilo la bei. Chukuliwe mfano: chama kimenunua pembe 20 kwa shilingi 500 kila moja, jumla shilingi 10,000. Pembe 6 zikipasuka, zile 14 zilizobaki ndizo zitakazobeba gharama yote, yaani shilingi 714 kila moja. Katibu anayekokotoa bei kwa 500 anawapunja mafundi wake bila kujua. Vipande vilivyoharibika vikifanywa vifungo au vijiko, mapato yake yaandikwe na kupunguzwa katika gharama hiyo.

Maswali ya mkutano wa wanachama: Je, fundi alipwe anapokabidhi pembe, au alipwe malipo ya kwanza kisha ya pili baada ya mauzo, kama ilivyozoeleka katika vyama vya mazao? Na pembe ikitoboka ubavuni mikononi mwa mwanafunzi, hasara iwe ya nani: yake, ya mwalimu wake, au ya chama?